Mstari wa Nane

Kila nikitoka shule naweka begi, nakula, kisha nafuta vumbi kwenye cherehani saba. Saba, ndugu msomaji! Wenzangu hapa Mbinga mjini wakirudi nyumbani hugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye chanja. Mimi pia nageuza kahawa, lakini cherehani kwanza.

Cherehani hizo ni za Shangazi Gaudiosa, dada yake baba, anayetulea mimi na mdogo wangu Urbani. Shangazi ni fundi wa kushona. Watu wakinunua cherehani mpya za umeme, yeye huuliza za zamani wameziweka wapi. Moja aliikuta kijijini Litumbandyosi, kuku wanatagia juu yake. Nyingine aliikuta Kingerikiti imegeuzwa meza ya redio. Kila moja tunaiita kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Kuna Tadea, ya kukanyaga kwa miguu, ambayo kuihamisha lazima muwe watu watatu. Kuna Meshack, ya mkono, yenye makelele kuliko mashine ya kusaga mahindi.

Shangazi hazikusanyi kwa ajili ya kupamba nyumba tu, huzilinganisha. Ana kitambaa kirefu cheupe, na kila cherehani imeshona juu yake mstari mmoja kwa uzi mwekundu. Ukikitandaza unaona mwenyewe: mshono wa Tadea ni mdogomdogo na umenyooka, wa Meshack unarukaruka. Pamoja na kitambaa kuna daftari. Humo tunaandika kila cherehani ilitoka wapi, ilishona nini, ilitiwa mafuta gani na iliugua nini. Mwandishi ni mimi, Otilia, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Sijisifu, mwalimu wangu mwenyewe amesema.

Likizo ya Juni nilitumwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kwa Bibi Edina, mama yake mama. Bibi alikuwa amekubali kutoa cherehani yake ya mkono iwe ya nane. Maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa, lakini Bibi akiitazama, macho yanamng'aa.

"Mama yako alisoma kwa cherehani hii," aliniambia. "Sare za nusu ya kijiji nilizishona mimi. Mwambie Gaudiosa nitapanda Mbinga shule zikifunguliwa, nione mstari wake umekaaje."

Shangazi alikuwa amenipa daftari na kichupa cha mafuta ya cherehani. "Kabla hujaifunga, itie mafuta, ijaribu, kisha uandike," alinisisitizia. Sasa mimi nikakipeleka kichupa ufukweni ili niwaringie wasichana wa jirani. Nilijitia fundi mkubwa kutoka Mbinga! Katika kukirusha na kukidaka, kikaniponyoka, kikapiga jiwe, pu! Mchanga ukayanywa mafuta yote.

Niliona aibu kusema. Nikachukua chupa ya Bibi ya mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele, nikatia kwenye kila tundu la cherehani. Liuli kuna joto, mafuta yalikuwa maji kabisa. Nikazungusha mkono wa cherehani, ikaenda laini mpaka Bibi akapiga makofi. Kisha nikaandika kwenye daftari: "Imetiwa mafuta ya cherehani. Inashona vizuri sana." Nusu tu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Tulipanda basi, mimi na cherehani yangu mapajani, tukaziacha kona za milimani nyuma yetu hadi Mbinga. Baridi ilikuwa imeshika. Asubuhi Shangazi akaiweka mezani, akatia uzi, akashika mkono wa cherehani. Haukwenda. Akaongeza nguvu. Wapi!

"Ala! Imekuwaje hii?" akashangaa. "Otilia, uliitia mafuta?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akafungua daftari, akasoma, akatikisa kichwa. "Basi tatizo si mafuta."

Siku tatu alihangaika nayo. Akabadilisha sindano, akatoa bobini, akapima kila chuma. Akadhani mhimili umepinda njiani, au unyevu wa ziwani umeutia kutu. Mwisho akamwita mwenzake, Fundi Stanslaus, mtu asiyejua kupamba maneno.

"Hii imekufa, Gaudiosa," alisema. "Jumamosi nakuja kuifungua. Tutoe vyuma vyake, tumponye Meshack."

Shangazi aliipapasa cherehani ile. "Bibi Edina anakuja Jumapili," akasema kwa sauti ndogo. "Angalau akute kipande chake kinashona."

Moyo uliniuma, lakini nilikuwa bado sijajua ninachokijua leo. Nilikijua Ijumaa asubuhi, wakati Urbani alipokuja jikoni akitetemeka kwa baridi, ameshika chupa.

"Dada, mafuta ya nazi yameganda tena. Niyeyushie, nisichelewe shule."

Nilikuwa nimeshaisogeza chupa kwenye jiko, kama tunavyofanya kila asubuhi ya baridi, mara mkono wangu ukasimama. Mafuta yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa. Kumbe! Kule ziwani yalikuwa maji, huku kwetu yameganda ndani ya cherehani ya Bibi.

Nilipaswa kukimbia kwa Shangazi saa ileile. Sikukimbia. Niliogopa ataninyang'anya daftari. Siku nzima mwalimu alifundisha sehemu na desimali, nami sikuambulia hata moja.

Jumamosi Fundi Stanslaus alifika na bisibisi zake. Akailaza cherehani ubavu, akaanza kulegeza skrubu ya kwanza. Nikamwona Bibi akipiga makofi kule Liuli. Nikapiga moyo konde.

"Subiri, Fundi! Haijafa!" nilipiga kelele. "Ni mimi. Mafuta niliyamwaga ufukweni, nikaitia mafuta ya nazi. Yameganda!"

Fundi Stanslaus aliingiza sindano kwenye tundu moja, akaitoa na uji mweupe. Akanusa. "Nazi tupu," akasema, na kicheko kikamtoka.

Shangazi hakucheka. "Siku tatu, Otilia! Nimetafuta ugonjwa wa cherehani hii kila mahali, isipokuwa mahali pamoja tu. Pale ulipoandika wewe. Sikutazama pale kwa sababu nilikuamini."

Angenichapa ningeumia kidogo kuliko maneno yale. Nililia, nikaomba radhi. Alinipa kitambaa, mafuta ya taa na unyoya wa kuku, akanionyesha pa kuanzia. Tuliianika juani, nikasugua tundu baada ya tundu mpaka mikono yangu yote ikanuka mafuta ya taa. Kisha tukaitia mafuta yake halisi. Saa tisa alasiri nilishika mkono wa cherehani. Ukazunguka! Niliruka, na Shangazi, pamoja na hasira zake, akatabasamu.

Nikafungua daftari ili nichane ule ukurasa. Akanishika mkono.

"Huchani kitu. Piga mstari mmoja tu, maneno yaendelee kusomeka. Chini yake andika ukweli, na utie jina lako."

Jumapili Bibi Edina aliwasili na samaki wake mbasa ndani ya kikapu. Baada ya kanisa majirani walijaa barazani kwetu.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Iko wapi?"

Akaketi, akaingiza kitambaa kile cheupe, akazungusha mkono taratibu. Mstari wa nane ukatoka, mwekundu, umenyooka. Shangazi akaweka rula. Kwenye inchi moja Tadea alikuwa na mishono kumi. Ya Bibi ilikuwa kumi na miwili! Majirani wakashangilia, Bibi akarekebisha kilemba chake kama bibi harusi.

"Haya, nisomee imeandikwa nini," akaniagiza.

Nilitamani kuuruka ule mstari. Lakini nilisoma yote, kwa sauti: "Ilitiwa mafuta ya nazi na Otilia, aliyemwaga mafuta halisi akaogopa kusema. Ikakwama kwa baridi. Kosa si la cherehani."

Baraza lote likacheka. "Ndiyo maana mafuta yangu ya nywele yaliisha upesi!" Bibi akasema, huku akinivuta nikae karibu yake.

Shangazi akasubiri kicheko kitulie. "Otilia, jana ungechana ukurasa ule, leo nisingejua niamini ukurasa gani kati ya zote. Sasa najua mwandishi wangu anaandika hata linalomwaibisha. Kwa hiyo akiandika sifa nitaziamini, na hawa wote wataziamini. Kukosea tunakosea sote. Lakini ukikosea, sema mapema, kabla chuma cha watu hakijafunguliwa bure."

Kisha akanipa kalamu, mbele ya watu wote. Nilikaa wima, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kuliko wote: "Cherehani ya nane, Edina, kutoka Liuli. Imetiwa mafuta ya cherehani. Inashona vizuri sana."

Safari hii maneno yote yalikuwa kweli.