Ukelele wa Saa Tano Kasoro Kumi

Siku ile ya kwanza haikuwa na jambo. Nilipiga pasi shuka themanini na mbili za nyumba ya wageni ninakofanya kazi, nikarudi nyumbani miguu imevimba, nikapika, nikamkagulia mwanangu hesabu zake, akalala saa tatu. Ana miaka saba. Tunamwita Sisimizi kwa sababu hatulii. Nilikuwa nasugua sufuria ya mwisho niliposikia akipiga ukelele.

Hakikuwa kilio cha ndoto mbaya. Mtoto akiota vibaya huamka akakutafuta. Huyu alikuwa amekaa kitandani macho wazi, jasho linamtiririka, moyo unamdunda kama wa kuku aliyeshikwa miguu, na mimi mama yake hakunijua. Nilipomgusa alinisukuma. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

Nikamwagia maji. Akazidi. Baada ya robo saa akajilaza mwenyewe, kama hakuna kilichotokea. Asubuhi hakukumbuka lolote. Aliniuliza kwa nini mto umelowa.

Usiku wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu nikatazama saa ya ukutani: saa tano kasoro dakika kumi. Usiku wa kwanza na wa pili nao, nikikumbuka vizuri, ilikuwa saa hiyo hiyo.

Hapo ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipohamia kwetu na mkoba wake bila kuitwa. Usiku wa nne alimkamata mtoto mabegani, akamtikisa huku akimwita jina lake, maana kwao wanaamini anayeitwa jina hurudi. Sisimizi akajitupa nyuma, kichwa kikagonga ubao wa kitanda. Pakavimba kama limau.

"Wifi, unalea mtoto au unalea pepo?" aliniuliza.

"Ningekuwa nalea pepo, wifi, angenisaidia kuosha vyombo."

Hakucheka. Alimpigia simu mdogo wake. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki tatu kati ya nne yuko safarini. Jumatatu mchana akanipigia kazini, pasi ikiwa mkononi.

"Mama Sisimizi, dada anasema mpaka Ijumaa. Kama haijaisha, Jumamosi alfajiri anampeleka mtoto kwa mganga wake. Atakaa huko siku saba."

"Akachanjwe wembe mwanangu?"

"Sasa mimi niko njiani, nifanye nini?"

"Endesha gari."

Nikaomba ruhusa, nikampeleka mtoto kliniki. Muuguzi alisikiliza huku akiandika, hakushtuka hata kidogo.

"Watoto wengi hupitia haya, na wengi wakikua huyaacha," alisema. "Ni usingizi mzito uliokwama katikati. Mwili umeamka, akili bado. Usimtikise, usimwagie maji. Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu, ngoja. Alale mapema, asilale amechoka kupita kiasi. Na huyu wako, kwa kuwa ana saa yake, muwahi. Mwamshe robo saa kabla, akae macho dakika chache, arudi kulala. Fanya hivyo wiki mbili tatu."

Kuwahi nakujua. Shuka ukiiwahi ikiwa bado na unyevu, inanyooka. Ukiiacha ikauke, utasugua mpaka mkono ukatike na mikunjo ibaki pale pale.

Usiku huo nilisinzia kitini, kengele niliyoitega kwenye simu ikalia nisisikie. Akapiga ukelele. Nikakaa sakafuni kando yake bila kumgusa mpaka ukaisha. Jumanne nilisimama wima nisisinzie, na robo saa kabla nikamwamsha.

"Mama, mbona unaniamsha?"

"Twende ukakojoe."

Akakojoa, akanywa maji, akalala. Kimya. Jumatano kimya. Alhamisi kimya.

"Kimejificha tu," alisema wifi. "Kesho nitakesha nikione."

Ijumaa akaketi kwenye kiti miguuni mwa kitanda, kanga begani. Nikamwamsha Sisimizi kwa wakati wake. Akakojoa, akalalamika, akalala tena ubavuni kwangu. Nikaweka kiganja kifuani pake. Saa ya ukutani ikasogea.

Kasoro kumi na mbili.

Kasoro kumi na moja.

Kasoro kumi.

Ukelele ukapigwa.

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka nyuma ya mlango. Kifua cha mwanangu chini ya kiganja changu kilipanda, kikashuka, taratibu. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Wifi," akanong'ona wifi. "Mdomo wake."

"Nauona."

"Mwite jina."

"Simwiti. Amelala."

Ukelele ukapanda. Taa haikuzimika. Pazia halikutikisika. Ilikuwa sauti ya mwanangu tu, mahali ambapo mwanangu hayupo. Sitasema uongo, niliogopa. Lakini nilikuwa na zamu ya saa kumi na moja alfajiri, wiki nzima sijalala, na hasira za mtu asiyelala si za kuchezea.

Nikasema kwa sauti ya chini, mtoto asiamke. "Umechelewa. Nimekuwahi. Huyu amelala na mama yake yuko macho. Kesho pia nitakuwa macho. Piga kelele mpaka koo likukauke."

Ukakatika. Katikati ya pumzi.

Alfajiri wifi aliondoka na mkoba wake peke yake. Mlangoni alifungua kifungo cha juu cha gauni, akanionyesha chale za zamani juu ya titi, safu tatu.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Siku saba, wifi. Hakuna kilichotoka." Akafunga kifungo. "Endelea kumuwahi."

Nilimuwahi wiki tatu, kisha nikaacha kumwamsha. Huu ni mwaka wa pili na hajapiga ukelele tena. Anakula, anasoma, anagombana na wenzake. Wa kwangu yuko salama.

Lakini nyuma ya mlango ule wa chumba chake kuna unyevu ukutani, duara dogo lenye upana wa mdomo wa mtoto. Fundi bomba alikuja, akagonga ukuta, akasema humo hamna bomba. Ukiugusa jioni una uvuguvugu. Nimeupaka rangi mara mbili, na mara mbili umerudi. Mara ya kwanza ulikuwa usawa wa kiuno changu. Sasa Sisimizi amerefuka, mdomo wake unanifika mbavuni, na ule unyevu umepanda naye.

Jumamosi nanunua kopo la tatu la rangi.