Namba Iliyofutwa

Jumamosi saa tano asubuhi, soko la Walthamstow halikuwa na pa kukanyaga. Marcelina, muuguzi wa Lewisham, alikuwa amevuka jiji zima kufuata ndizi za kupika, na sketi yake ya kitenge cha manjano iliwageuza shingo hadi wauza samaki. Upepo ukavuma, karatasi ya bluu ikamgandia kifuani.

"Samahani dada, hiyo ni yangu!"

Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kudariziwa, kakumbatia rundo la vipeperushi.

"Inasema nini?" Marcelina akauliza.

"Inauliza mama yangu yuko wapi."

Ndivyo walivyojuana. Ablet alikuwa Muighur wa Kashgar. Yeye na wenzake wa London, Munich na Istanbul walikusanya majina ya ndugu zao waliopotelea vizuizini huko China, wakayapeleka kwa wabunge na kwenye maandamano. Miaka saba hakuwa amesikia sauti ya mama yake.

Miezi mitatu baadaye walikuwa hawaachani. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi ya kwao, ila kwenye mapenzi kila mtu alirudi nyumbani: Ablet akimwita "jénim", yaani roho yangu, naye akijibu "abee, mpenzi." Marcelina aliandamana na kundi la Ablet, bango mkononi, sketi ya manjano mwilini.

Kisha ghafla, kimya. Simu haiiti, ujumbe haufiki. Wiki mbili!

"Mdogo wangu, amekublock," dada yake Sesilia alimwambia kwa simu kutoka Woolwich. "Umeachwa. Lia leo, kesho uendelee na shift zako."

Marcelina alilia leo, na kesho, na keshokutwa. Jumamosi hasira zikampanda. Akavaa sketi ileile, makusudi kabisa, akapanda treni ya Victoria hadi mwisho wa reli. Akamkuta palepale sokoni na vipeperushi vyake, amekonda, kofia imekaa upande.

"Umepata mwingine? Niambie usoni!"

Ablet aliangaza huku na huku kwanza. "Alinipigia mtu nisiyemjua, kwa lugha yetu ya Kiuighur. Akasema, muuguzi wako anapendeza kwenye manjano. Nikajua watu wa serikali ya China wananifuatilia hadi hapa. Nikakufuta na kukublock siku hiyohiyo."

"Ukanifuta? Bila hata kwaheri?"

"Mama alinifuta hivyohivyo, jénim. Asubuhi moja nilimpigia, simu ikawa haiiti tena. Kwetu, anayekupenda sana ndiye anayekufuta wa kwanza, ili wasikuandame kwa ajili yake."

Hasira zilimwishia Marcelina papo hapo. Alishusha pumzi ndefu, na akaona aibu kwa maneno yote aliyomtukania akiwa kitandani.

"Kwetu anayekufuta amekuacha," akasema. "Nimelia mpaka wagonjwa wananipa pole! Na nani kakutuma uniamulie? Uliniuliza kama naogopa?"

"Unaogopa?"

"Naogopa. Na nimekuja."

Ablet alimshika mkono, na vipeperushi vikaporomoka miguuni pao bila mtu kuviokota.

"Namba ya mama yako bado unayo?" Marcelina akauliza taratibu.

"Hiyo iko kichwani." Akaitaja yote.

"Na yangu?"

Akafumba macho, akaitaja tarakimu zote kumi na moja, bila kukwama.

"Haya, piga."

Simu ya Marcelina ikalia mkononi mwake. Hapo ndipo alipokumbuka alivyoliandika jina la Ablet, akataka kuificha. Alichelewa. Ablet alikuwa ameshasoma: *Mume Mtarajiwa*.

"Mume nalijua. Mtarajiwa ni nini?"

"Anayengojewa," Marcelina akasema, uso umemchemka.

"Umenisubiri wiki mbili. Inatosha." Akajaribu kwa Kiswahili: "Nioe... hapana, nikuoe?"

Marcelina akacheka kwa sauti, machozi yanamtiririka, muuza samaki akapiga makofi.

"Nioe, bwana. Ila ukinifuta tena, nakuja na Sesilia."

"Sikufuti tena." Ablet aliipiga namba ya Marcelina mara ya pili, ili tu aisikie ikiita. "Na siku mama atakapopatikana, nitampa namba zetu zote mbili."