Jicho la Kushoto la Kamen

Shangazi yangu Rumyana hakuwa mwoga. Alifanya kazi katika chumba cha maiti cha mji wetu huku milimani Bulgaria, akitoa damu, mkojo na maji ya macho ya marehemu ili polisi wajue kilichowaua. Akimaliza alinawa, akala mkate wake na jibini palepale mlangoni. "Wafu hawana neno," alizoea kutuambia. "Waogopeni wazima."

Mchana mmoja akaletewa Kamen. Alifia mezani kwa mdogo wake, Lyuben, baada ya kunywa rakia, gongo la plamu ambalo Lyuben alilipika mwenyewe. Yeye Lyuben hakuonja hata tone. Mama yao, bibi Stana, ndiye aliyemfumba macho marehemu.

Bibi huyo alimshika shangazi mkono mlangoni.

"Mwanangu, chukua damu, chukua utakacho. Macho usimfumbue. Maiti akifumbuliwa macho hutafuta wa kwenda naye. Na mimi nimebakiwa na huyu mmoja tu."

"Mama, damu huharibika upesi. Jicho hutunza ukweli."

Lyuben, aliyesimama nyuma yao, akacheka. "Mwache, mama. Atamtafuta nani huyo? Hata alichokunywa hakukiona."

Kicheko kile kilimchukiza shangazi. Akaingia ndani, akafumbua jicho la kulia, akachoma sindano pembeni, akavuta maji. Kisha akarudishia maji ya kawaida ili jicho lisibonyee, kama ilivyo desturi ya kazi yao.

Akahamia la kushoto. Akalifumbua.

Jicho halikumtazama yeye. Lilitazama dirishani. Nje ya dirisha alisimama Lyuben, akivuta sigara.

Alivuta maji haraka, akarudishia ya kawaida. Akalifumba. Likafumbuka. Akalifumba tena. Likafumbuka.

Kesho yake maabara wakapiga simu.

"Dada Rumyana, kichupa cha jicho la kulia kina spiriti yenye sumu, ya kutosha kuua ng'ombe. Cha kushoto hakina kitu." Sauti ikashuka. "Na yale si maji ya maiti. Ni ya mtu aliye hai, anayepumua. Umeyatoa kwa nani?"

Vichupa vyote viwili alivijaza na kuviziba shangazi mwenyewe.

Polisi walipokwenda kumkamata Lyuben walimkuta amekufa mezani, kwenye kiti kilekile alichofia kaka yake. Hana jeraha, hana harufu ya pombe. Asubuhi alilalamika tu kwamba jicho la kushoto limeingia ukungu. Bibi Stana alikaa kando yake, kiganja juu ya uso wa mwanawe.

"Halifumbiki," alinong'ona.

Shangazi ndiye aliyempokea. Ilimbidi aangalie, ingawa alitamani kukimbia. Pembeni mwa jicho la kushoto palikuwa na kitundu cha sindano, kimeshaanza kupona.

Akavuta. Mle ndani mlikuwa na maji ya kawaida tu, yale aliyomrudishia Kamen.