Boksi la Tyubu

Trei ya mayai ilikuwa chini, mlangoni mwa soko, na binti muuza dawa alikuwa ameinama akifunga kamba za raba zake nyekundu. Watu walipishana kwa mabega. Ghafla akatokea kijana wa ovaroli yenye madoa ya grisi, juu ya kibaiskeli cha BMX. Alikosa pa kupita, akaruka. Magurudumu yote mawili yakapita juu ya mayai.

"Wewe! Una wazimu?"

"Yamevunjika mangapi, dada?"

Binti akayakagua. "Hata moja."

"Sasa unanifokea nini?"

Kwa kweli hakuwa akifoka tena. "Nifundishe," alisema.

Basi kila jioni, akishafunga duka la dawa na kuvua koti jeupe, alikwenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya karakana ya kijana yule, fundi baiskeli. Fundi alimpa kibaiskeli chake, akaweka chini boksi tupu la tyubu.

"Kunja magoti. Vuta usukani, gurudumu la mbele lipande. Halafu usukume mbele na unyanyue miguu, la nyuma litafuata."

"La nyuma halinisikii."

"Limerithi kwako. Rudia, mpenzi."

Hilo "mpenzi" lilimponyoka, na hakuna aliyelirudisha.

Wiki ya pili fundi alisema, macho pembeni, "Siku utakayoliruka hili boksi, nina neno la kukuambia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi alikuwa amepata kazi mji wa mbali, na alitaka kumwomba waoane, waende wote. Lakini habari ya kazi ilitangulia kumfikia binti kupitia shangazi yake, mwanamke asiye na breki mdomoni. Binti akajumlisha mwenyewe: neno hilo ni kwaheri. Na mtu ambaye hajaaga, alijidanganya, hawezi kuondoka.

Kesho yake alfajiri, uchochoroni kwao, aliazima baiskeli ya jirani akaruka tofali. Akarudia mara sita, safi. Jioni, mbele ya fundi, akaligonga boksi.

Aliligonga mwezi mzima. Aliangusha gurudumu la nyuma makusudi, akacheka, akasingizia kifundo cha mguu. Fundi hakuwa mjinga wa baiskeli. Aliona wazi kwamba miguu ile inajua kuruka na inakataa, naye akaelewa kwa namna yake: amelijua neno langu, anaona haya kunikatalia kwa mdomo. Mapenzi yana wajinga wengi, lakini hawa wawili walipitiliza.

Siku ya mwisho fundi alimpangusa vumbi begani. "Boksi nakuachia," alisema, na asubuhi hakuwepo.

Simu ililia baada ya miezi minane, mchana, duka limejaa wateja.

"Hujambo, mwanafunzi?"

"Sijambo. Umepotea, mwalimu."

"Nipo. Jumamosi naoa. Sikutaka usikie kwa watu."

Mzee mmoja alikuwa amemnyooshea cheti cha daktari. Alikipokea, akakisoma bila kuona kitu.

"Nilikuwa naweza kuruka," alisema. "Tangu wiki ile ile. Niliogopa utaniaga."

"Nikuage? Nilitaka kukuoa, mpenzi. Nikajua umenikataa."

"Si ungesema tu!"

"Na wewe si ungeruka tu."

Binti akakigeuza cheti, akakigeuza tena.

"Mwanangu, dawa yangu," mzee alikumbusha.

"Mhudumie," fundi alisema kwa upole, akakata simu.

Jioni ile binti alirudi nyuma ya karakana na boksi lake, limebondeka pembe zote. Fundi mpya alimwazima baiskeli bila maswali. Akakunja magoti, akavuta, akasukuma, akaliruka juu kabisa, bila kuligusa.

Fundi mpya alipiga makofi. "Dada, hatari! Nani kakufundisha?"

Binti alifungua mdomo amjibu, akaangua kilio.