Barua Niliyoandika Juu ya Mume Wangu

"Sema tu nyumbani sina shida," mume wangu alininong'oneza mlangoni. "Neno lako ndilo litakalonibakisha kazini."

Ndani, daktari wa magonjwa ya akili, mama mtu mzima mwenye miwani, aliyeombwa na hospitali ampime mume wangu, alikuwa na barua ya malalamiko juu yake mezani.

Mume wangu ni daktari wa upasuaji. Wauguzi wamempachika jina la Radi, na hawakukosea. Mwezi uliopita, binti mmoja mgeni kazini alimwambia gozi moja, kitambaa cha kufyonzea damu, haionekani, tuhesabu tena kabla ya kumfunga mgonjwa tumbo. Akamrushia trei ya vyuma. Mimi, muuguzi wa zamu hiyohiyo, nikahesabu upya. Gozi ilikuwa tumboni.

"Umbea mtupu!" mume wangu alifoka. "Na mwandishi kaficha jina. Mwoga!"

"Mama, nyumbani yukoje?" daktari aliniuliza.

Mume wangu akanibana vidole chini ya meza. Nampenda huyu mtu, jamani. Nampenda na hasira zake.

"Barua niliiandika mimi."

Akauachia mkono wangu.

"Wewe? Mke wangu wa ndoa?"

"Mimi. Tangu tumzike mwanetu hujadondosha hata chozi. Siku ya tatu ukarudi kupasua watu. Unafoka kwa sababu ukinyamaza utamsikia."

"Usimtaje mwanangu hapa!"

"Ni wangu pia, baba."

Akatoka bila kunitazama. Jioni nilikuta nguo zake hazipo; kahamia kwa kaka yake. Kazini wakamsimamisha: atibiwe kwanza, ndipo arudi.

Mama mkwe akapiga simu.

"Mwanangu, ndiyo kumwanika mumeo hivyo?"

"Mama, yule mgonjwa naye ana mama yake."

Akakata.

Wiki ya tano tangu ahame, nikibadili nguo niingie zamu, ujumbe wake ukaingia:

"Nimemwomba radhi yule binti. Leo nimelia mbele ya daktari, nikamtaja mwanetu kwa jina. Sijui kama nitaweza kuishi na wewe tena. Ila asante kwa kuhesabu nilipokataa."

Nikaandika "Rudi", nikafuta. Nikaandika: "Shati lako la bluu lilibaki kambani. Nimelipiga pasi."

Nikaifungia simu kabatini. Nikafuta machozi, nikanawa mikono hadi viwikoni, nikaingia kuhesabu gozi.