Maji ya Moto ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia bibi yake kuoga. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Magoti ya bibi yalikuwa yamekaza kwa uzee, na pasipo maji ya moto alishinda kitandani. Lakini siku hizi bomba la bafuni lilikuwa linawachezea shere: ndoo haijafika nusu, maji yameshapoa.

"Tuishie hapo, mjukuu wangu," bibi alisema huku akitetemeka. "Nitajifuta tu."

Chiriku alifura kwa hasira. Mkosaji alimjua: kaka yake, aliyeoga kabla yao.

"Unamaliza maji ya bibi," alimvaa mezani. "Huna hata haya."

"Mimi? Wiki nzima naoga ya baridi ili yeye apate ya moto."

"Mwongo mkubwa wewe."

Kaka aliiacha chai yake, akachukua mkoba, akaondoka.

Jumamosi Chiriku aliamka kabla ya watu wote. Hakuna aliyekuwa amegusa bomba. Akafungulia: maji ya vuguvugu, kisha baridi. Akafunga, akafungulia tena, akaipiga hita ya kupashia maji kwa kiganja mpaka machozi yakamtoka. Sasa hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimkera kuliko yote.

Mama alimwita shangazi, ambaye ni fundi umeme. Shangazi alizima swichi kuu, akafunga maji, akamwonyesha Chiriku tangi la hita.

"Maji ya baridi yanaingilia chini," alieleza. "Huku chini kuna chuma kinachopashwa na umeme. Maji yakipata moto yanapanda juu, na bomba la bafuni linachota hayo ya juu. Haya, tazama."

Alimwaga maji yote, akakichomoa chuma. Kilikuwa kimevikwa ganda jeupe, nene na gumu.

"Hii ni chokaa inayokuja na maji. Joto linakwama humu. Hata asingeoga mtu, bibi asingepata ya kumtosha."

Chiriku aligeuka. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu.

"Kumbe ulikuwa unaoga ya baridi kweli," Chiriku alimwambia. "Nisamehe, kaka. Nilikuita mwongo."

"Yamekwisha. Lakini kuparua utaparua wewe."

Chiriku alikiloweka chuma kwenye siki, akakiparua mpaka vidole vikamuuma. Shangazi akakirudisha tangini, akafungulia maji na kuwasha umeme. Alasiri ile bibi alioga akatosheka, akatoka mwenyewe hadi kibarazani.

Shangazi alikuwa anafunga mkoba wa vifaa. "Iliyokuwa mgonjwa ni hita," alimwambia Chiriku, "wewe ukaenda kumdunga sindano kaka yako. Siku nyingine kitu kikiharibika, kitazame chenyewe kwanza. Ukianza na mtu, utamuumiza bure, na kitu kitabaki kibovu vilevile."