Uchafu wa Nguzo ya Saba

Mwani mwekundu wa nguzo ya saba umekwanguliwa wote, na Asya hawezi kusubiri uote tena.

Vuai, fundi wa mitambo ya upepo baharini, alikitazama kikwanguzi kikipanda kutoka majini. Kilikuwa roboti ya miguu minane, kubwa kama meza, na jicho lake lilitofautisha mmea na mmea hata kwenye kina kisichofikiwa na jua.

"Nguzo safi," kilisema. "Uchafu umeondolewa. Aina thelathini na nane."

Maji ya pwani yalikuwa yamepata joto mpaka mwani wa vijijini ukafa. Uliosalia ulishika kwenye nguzo hizi za mitambo, mbali, penye ubaridi. Ule mwekundu, mwembamba kama nywele, uliota kwa wingi nguzo ya saba tu. Hospitali iliukamua ikatengeneza ngozimwani, utando wa kufunika mwili ulioungua mpaka ngozi irudi. Asya, mke wa Vuai, aliungua betri ya jiko ilipolipuka. Nusu ya mgongo wake ilishafunikwa. Nusu ilisubiri mavuno ya Jumatatu.

Vuai alimpigia mama yake, Bi Mize, aliyelima mwani Jambiani miaka arobaini. Ndiye aliyekifundisha kikwanguzi majina, picha kwa picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo kaa wako wa chuma anafanya kazi, au keshajifunza uvivu kwako?"

"Mama, ule mwekundu kama nywele. Uliuita nini?"

"Uchafu."

"Kwa nini?"

"Si ndivyo tusemavyo? Kinachoota kwenye kamba na hukukipanda ni uchafu. Unakitoa, mwani wako upumue. Kwani vipi?"

Amri ya "ondoa uchafu" aliiandika Vuai mwenyewe. Hakumuuliza mama yake neno lile ana maana gani nalo.

"Hakuna kitu, mama."

Wapiga mbizi walipekua nguzo zote kumi na mbili, wakarudi na ujazo wa kiganja. Ulitosha bega moja.

Asya alifariki Ijumaa. Bi Mize alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipofika begani aliuliza ngozi nzuri hii imetoka wapi.

Aina thelathini na nane za mwani, tano kati yao hazikuwa zimepewa jina na mtu yeyote. Mwanamke mmoja, miaka thelathini na mitatu. Watoto wawili waliofiwa na mama. Kikwanguzi kilifanya kazi kwa muda wa saa tatu.